Sura ya Nne

Fomu ilitaka jina.
Nikaandika Mbambu,
jina linalosema tu kwamba kabla yangu
mama alikwisha kuzaa wasichana watatu.
Kwetu Kilembe majina ni hesabu.

Fomu ilitaka cheti cha ualimu.
Cheti kilikwenda na Nyamwamba
usiku ule mto ulipoingia bila hodi,
ukabeba sufuria, mbuzi, na miaka yangu miwili ya chuo.
Karani akauliza kwenye simu:
"Una ushahidi gani kwamba ni mto?"
Nikamwambia, njoo uone jiwe
lililolala mahali pa kitanda changu.

Barua ya mkuu wa shule niliifuata wiki tatu.
Bwana Masereka alikuwa na muhuri,
ila wino, alisema, umekauka.
Nikanunua wino.
Akagonga, akapuliza, akanitazama juu ya miwani:
"Ukishasoma sana, darasa la nne nitampa nani?"

Ada niliyolipa haikuwa yangu.
Thembo aliuza kahawa ingali maua,
kwa bei ya maua.
Hakunisimanga.
Ila msimu ulipofika alikaa kizingitini
akitazama matawi yetu yalivyoinama
kwenye magunia ya mtu mwingine,
nami ndani nikijifunza neno "nadharia".

Likizo zote tulikuwa Fort Portal,
walimu watu wazima, chaki ingali kwenye kucha,
tukiazimana kalamu, tukichungulia daftari la jirani.
Mimi ninayewafungia lango wachelewaji
nilichelewa siku ya kwanza
na nikasema uongo ule ule: mvua.

Dokta Kyomuhendo alikuwa na kalamu nyekundu
na maswali mawili.
*Nani kasema? Ukurasa gani?*
Aliyapanda pembeni mwa kila aya kama michongoma,
hata nikaambukizwa.
Mama mkwe alipodai mtoto wa jirani karogwa,
nilimuuliza, nani kasema,
na siku mbili hakunipa chumvi.

Swali langu lilikuwa dogo:
kwa nini watoto wanaopiga kelele kama kwera darasa la tatu
hunyamaza darasa la nne,
tunapowageuzia kila kitu kuwa Kiingereza?
Nikaketi nyuma ya darasa langu mwenyewe, saa mkononi,
mwalimu wa zamu akifundisha,
nikapima kimya kwa sekunde.
Kule, kwa Kikonzo, alinieleza daraja lilivyoanguka,
jiwe lipi liligonga kwanza, nguzo ipi ilikubali,
na kwa nini fundi angeanza upande wa pili.
Ubaoni, kwa Kiingereza, aliulizwa daraja ni nini.
Sekunde arobaini na moja.
Kisha, "Ndiyo, madamu."

Sura ya nne huitwa Matokeo.
Niliiandika kwa taa ya sola, betri ikilalamika,
na kwa ajili yake nikafungua kabati la ofisi,
nikatoa ripoti za miaka kumi na mmoja.
*Mzito. Hajitahidi. Hashiriki.*
Majina mia mbili na kitu,
na mwandiko mmoja, mzuri, ulioinama kidogo kulia.
Mwandiko wangu.

Nilipeleka sura hiyo kama mtu anayejipeleka kituoni.
Dokta aliisoma kimya.
Pembeni aliandika neno moja, bila alama ya kuuliza:
*Endelea.*

Joho lilikuwa la kukodi, mwisho saa kumi jioni.
Thembo alivaa koti la harusi yetu,
akapiga makofi peke yake, mapema mno,
jina likiwa la mtu mwingine.
Mshahara haukupata habari.
Bwana Masereka alinipongeza kwa soda
na akanirudishia darasa la nne, watoto tisini na sita.

Jumatatu, kabla ya kengele,
nilifungua tena lile kabati.
Kalamu nyekundu nilinunua mwenyewe.
Nikaanza na ripoti ya juu kabisa,
pale penye *Hajitahidi*,
nikaandika pembeni:
*Nani kasema?*
Nikageuza. Ya pili.
Kengele ililia, nikiwa bado kwenye herufi B.